Pembe ikishuka, usikimbilie pipa la resini

Wadogo zangu wa umaliziaji wa vitambaa vya pamba, kila kundi jipya likiingia naona jambo lilelile: maabara ikisema pembe ya kurejea mkunjo (kipimo cha jinsi kitambaa kinavyojinyoosha baada ya kukunjwa) iko chini, mtu anaongeza resini. Linaniuma, maana najua kitambaa kitaishia wapi.

1. Pima pH ya kitambaa kabla hakijagusa beseni la resini. Kichocheo chetu, kloridi ya magnesiamu, huifanya resini ifunge kwa kutengeneza asidi kwenye joto. Alkali iliyobaki kutoka kwenye kupausha huimeza asidi hiyo, na DMDHEU, resini yetu ya kuzuia mikunjo, haishikani na selulosi ya pamba. Zamu yetu iliwahi kupata bechi ya namna hiyo. Pembe ikawa chini, tukaongeza kichocheo, tukapandisha joto, pembe ikapanda, tukafurahi. Bechi iliyofuata ilikuwa imesuuzwa sawasawa, na mipangilio tukaiacha vilevile. Sasa asidi haikuwa na wa kuipunguza, na asidi hiyohiyo inayofunga resini hukata minyororo ya selulosi. Kitambaa kikatoka kimenyooka, kizuri mno machoni. Fundi wa maabara akakivuta kwa vidole, kikachanika kama karatasi. Resini iliyozidi unaweza kuivua. Selulosi iliyokatika haiungiki tena. Zamu nzima tulikuwa tumepima pembe peke yake! Hata kazi ikifanyika vizuri kabisa, pamba iliyofungwa hivi hupoteza nguvu nyingi, asilimia 30 si ajabu. Kwa hiyo pembe na kipimo cha kuchanika viandikwe pamoja, bechi kwa bechi, na mtu asinipe kimoja.

2. Kausha kwa upole kabla ya kuoka, yaani kabla ya joto kali linalofunga resini. Moto mkali mwanzoni huvutia resini juu ya uso. Kilainishi cha silikoni au polietilini msikisahau, kinapunguza kuchanika.

3. Saa ya kuoka huanza kitambaa chenyewe kinapofika nyuzi 160. Kizito huchelewa, kipimajoto cha chumba hakitakuambia.

4. Fomaldehidi, gesi inayotoka kwenye DMDHEU. Tangu 2004 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na bado nawakuta mmezima feni kwa sababu ya kelele. Washeni! Anayesema macho yatazoea anawapotosha. Mnaoniuliza kuhusu asidi ya sitriki badala ya DMDHEU: haina fomaldehidi, lakini kitambaa cheupe hugeuka manjano. BTCA, asidi nyingine isiyo na fomaldehidi, pamoja na kichocheo chake hipofosfiti ya sodiamu, huacha weupe, ila bei yake ndiyo inayowarudisha wengi kwenye DMDHEU, na ndiyo maana feni hiyo mtaendelea kuihitaji.