Maswali ya Wasomaji: Queen Walipoigeukia Disko, Je, Walipotea Njia?

SWALI: Ndugu Mwandishi, assalaam alaykum. Ami yangu ni mpenzi wa bendi ya Queen tangu ujana wake. Santuri zao anazo karibu zote, isipokuwa ile ya mwaka 1982 iitwayo Hot Space, ambayo anasema ndiyo iliyowaharibu, kwa kuwa watu waliokuwa wakipiga roki ya kweli waliweka magitaa chini wakakimbilia disko na pop. Mimi nimeisikiliza na sikuuona ubaya mkubwa hivyo. Je, bendi ya roki ikiingia kwenye pop ni lazima iwe imejiuza?
Msomaji, Mji Mkongwe, Unguja

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Mfikishie ami yako salamu zangu, kwa maana lalamiko lake ni la zamani na lina msingi wake, ingawa naona analitafuta kosa mahali ambapo halipo. Hot Space si albamu yao bora, wala sitajaribu kumshawishi mtu kwamba ni bora. Ninalolikataa ni kwamba iliharibiwa na pop.

Queen ilianzishwa London mwaka 1970, na mpiga besi wao, John Deacon, akajiunga mwaka uliofuata. Katika miaka yao ya mwanzo walijivunia gitaa la Brian May, ambalo alilitengeneza nyumbani kwa mikono yake pamoja na baba yake, kiasi kwamba waliandika kwenye majalada ya albamu zao kuwa hakuna aliyepiga sintesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti za kila namna. Walitaka msikilizaji ajue kwamba sauti zile nene, ambazo ungedhani ni za kundi zima la wapiga tarumbeta au fidla, zilitoka kwenye gitaa moja lililorekodiwa tabaka juu ya tabaka. Mtu aliyekua akiyasoma maneno hayo, kama ami yako, aliyachukua kuwa ahadi, na mimi simlaumu.

Lakini ahadi hiyo haikuvunjwa mwaka 1982. Ilivunjwa mwaka 1980, katika albamu ya The Game, iliyorekodiwa Munich, Ujerumani, ambamo sintesaiza ilisikika kwa mara ya kwanza katika albamu yao ya studio. Humo ndimo ulimo wimbo wa Deacon uitwao Another One Bites the Dust, na ningependa tukae nao kidogo, kwa sababu ndio unaojibu swali lako. Besi inagonga noti ile ile mara tatu, inanyamaza, inagonga tena mara tatu, kisha inageuka. Ngoma ni kavu kabisa, hazina mwangwi, maana Roger Taylor alizijaza mablanketi, na kipande kifupi cha mapigo yake kikarudiwarudiwa wimbo mzima. Nyuma yake zinapita sauti za ajabu, zikiwemo za piano iliyorekodiwa na kugeuzwa kinyumenyume. Gitaa linaingia mara chache, linasema neno lake, linatoka. Deacon alikuwa amekaa na wanamuziki wa Chic, kundi la disko la New York, na alichojifunza kwao kinasikika wazi katika besi hiyo. Wimbo ulikaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 3, na The Game ndiyo albamu pekee ya studio ya Queen iliyowahi kushika kilele cha chati ya nchi hiyo.

Kwa hiyo mashabiki walishaipokea disko ya Queen miaka miwili kabla, tena kwa shangwe, kwa sababu katika albamu hiyo ulikuwa ukitoka kwenye wimbo wa Deacon unakutana na gitaa la May likiwa na nguvu zake zote. Hot Space ilipotoka Mei 1982, upande wote wa kwanza wa santuri ulifuata miondoko ya aina moja, na katika Body Language, singo waliyoitanguliza, gitaa karibu halimo kabisa. Albamu ilifika nafasi ya 4 Uingereza na ya 22 Marekani.

Huko Marekani palikuwa na jambo jingine. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Chicago, santuri za disko zililipuliwa kwa baruti mbele ya maelfu ya vijana wapenzi wa roki. Disko ilikuwa imetoka kwa Wamarekani weusi, Walatino na watu wa jinsia moja waliopendana, na wengi waliokuwa wakiichukia hawakuwa wakichukia ngoma na besi peke yake. Bendi ya roki iliyokwenda upande huo miaka mitatu baadaye ilihesabiwa kuwa imehamia kwa adui, na hukumu hiyo ilitolewa kabla sindano haijagusa santuri. Hukumu ya namna hiyo siikubali hata kidogo.

Wewe wa Unguja utanielewa upesi. Kinanda cha umeme kilipoingia kwenye taarab na kuchukua nafasi ya ganuni na fidla, wazee walinung'unika, na walikuwa na haki, kwa sababu kitu halisi kilipotea. Hata hivyo, anayesikiliza kwa makini anajua kwamba ipo taarab ya kinanda iliyotungwa kwa ustadi na ipo ya kulipua, na kinachozitofautisha ni kazi iliyofanywa.

SWALI: Nimesikia kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, huyo mzaliwa wa Zanzibar, ndiye aliyewaburuta wenzake kwenye disko. Ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli kwa namna inavyosemwa. Ni kweli kwamba Farrokh Bulsara, kama alivyoitwa na wazazi wake wa Kiparsi, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Ni kweli pia kwamba alipenda muziki wa kucheza na ndiye aliyetunga Body Language. Lakini aliyefungua mlango ni Deacon, mtu mkimya ambaye moyo wake ulikuwa kwenye soul na fanki, miziki ya Wamarekani weusi, tangu zamani, na ndiye aliyetunga Back Chat katika albamu hiyo hiyo. May amewahi kueleza kwamba walivutana sana kuhusu gitaa, kwa sababu upigaji wake haukuwa wa aina ambayo Deacon aliitaka katika nyimbo zake.

Hapo ndipo ninapoliona kosa lenyewe. Miaka yote hiyo karibu kila wimbo wa Queen ulibeba jina la mtunzi wake, na mtunzi ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho, hivyo mpiga gitaa aliweza kukaa studio akisubiri kuambiwa kama anahitajika. Pop haimtaki mtu akae akisubiri. Inataka kila chombo kiwe na kazi, hata kama kazi hiyo ni ya kupiga noti nne na kunyamaza, na anayezipiga lazima aziamini. Ukiisikiliza Hot Space kwa sikio hilo utasikia watu wanaopishana mlangoni.

Na ushahidi umo humo humo. Wimbo wa mwisho, Under Pressure, waliutengeneza pamoja na mwimbaji Mwingereza David Bowie huko Montreux, Uswisi, mwaka 1981, na umeandikwa kwa majina ya wote watano. Ni pop tupu, umejengwa juu ya besi fupi ambayo hata mtoto anaweza kuifuata kwa mdomo, na ulishika nafasi ya kwanza Uingereza. Huo hata ami wa ndugu yetu hapo juu sidhani kama anauzima redioni. Mwaka 1989, walipotoa The Miracle, wanne hao waliamua kwamba nyimbo zote ziandikwe kwa jina la Queen. Laiti wangefanya hivyo miaka saba kabla.

SWALI: Je, baada ya hapo walirudi kwenye roki? Na mtu anayetaka kuipa Hot Space nafasi ya pili aanzie wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Walirudi bila kuiacha pop. The Works ya mwaka 1984 ina Radio Ga Ga ya Taylor, iliyojaa sintesaiza, na ina Hammer to Fall ya May, ambayo ni roki ya gitaa kabisa. Nyimbo hizo mbili zilifuatana jukwaani Wembley tarehe 13 Julai 1985, katika Live Aid, tamasha la kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia, na wakati uwanja mzima ulipoinua mikono na kupiga makofi kwa pamoja, wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa wa pop, huo Radio Ga Ga.

Kuhusu Hot Space, usianzie kwenye santuri. Tafuta onyesho lao la tarehe 5 Juni 1982 huko Milton Keynes, Uingereza, ambalo lilirekodiwa na baadaye likatolewa kwa umma. Albamu ilikuwa na wiki chache tu sokoni. Freddie anawaambia watu kwamba watapiga nyimbo za fanki, na kwamba hilo halimaanishi wamepoteza hisia zao za roki, kisha wanaanza Staying Power. Kwenye albamu wimbo huo una tarumbeta nyingi zilizopangwa na mtayarishaji wa muziki Arif Mardin, jukwaani hazipo. Deacon ameweka besi kando na kushika gitaa la kusindikiza, akikata nyuzi kwa haraka kama mpiga fanki wa New York, ngoma za Taylor zinapigwa kwa mikono yake, na gitaa la May, lililofungiwa nje kwenye studio, linaingia kwa sauti nzito na kuujaza wimbo. Ni wimbo ule ule, kwa maneno yale yale. Msomaji wetu wa Mji Mkongwe naye ampigie ami yake rekodi hiyo kabla ya kumtajia jina la albamu, kisha atuandikie alichosema mzee.