Mfungo wa Danieli na kazi ya kusimama kutwa

Bwana asifiwe dada, umeuliza kama utaweza siku 21 bila nyama wala maziwa na huku unasimama kutwa na mitumba soko la Kiboriloni hapa Moshi, mi nakwambia utaweza kabisa ila usile kimchicha kitupu, hapo ndo watu wanadondoka. Danieli 10 inasema wiki tatu hakula chakula kitamu, nyama wala divai, haisemi ushinde njaa. Asubuhi piga kiburu cha kushiba, ndizi na maharage vimelainika mpaka vinashikana na mwiko, magadi kidogo tu, usiweke mtindi. Mchana makande, yaunge kwa karanga ya kusaga badala ya maziwa. Parachichi Moshi zimejaa, kula, mafuta yake yanakushikilia mpaka jioni. Chai ipunguze kabla hujaanza, ukiikata ghafla kichwa kinauma kweli na utadhani ni mfungo. Maji kunywa sana.

Ile dawa ya sukari uliyoitaja ndo inanipa wasiwasi, usianze kabla hujaongea na daktari wako maana chakula kikibadilika sukari inaweza kushuka vibaya, na dawa usiiache kisa mfungo, tafadhali sana dada yangu.