Kwa mhakiki mpya wa vifaa vya muziki: kipi kiandikwe, kipi kiachwe

Ukianza kuandikia jarida la vifaa vya muziki, jiandae kwa swali moja ambalo wasomaji hawachoki kuuliza: mbona karibu kila kifaa kinasifiwa? Wengi hudhani ni hela za matangazo. Zina nguvu yake, ila mchujo mkubwa huwa umeshapita kabla boksi halijafunguliwa. Spika mbovu haiandikwi vibaya. Mara nyingi haiandikwi kabisa. Kurasa ni chache, uhakiki mmoja hula wiki kadhaa za kusikiliza, na mhariri hapendi kuzitumia kwa kitu kisichomvutia mtu.

Kwa hiyo jifunze kuchagua. Anza na hili: je, msomaji atakipata? Jarida la Stereophile la Marekani, lililoanzishwa na J. Gordon Holt mwaka 1962, lilijiwekea kanuni kwamba kifaa kisichouzwa katika maduka yasiyopungua 5 nchini humo hakipewi uhakiki kamili. Mafundi wadogo wanaounda amplifaya nzuri peke yao hukasirika, na nadhani wana haki. Lakini msomaji akinunua kwa maneno yako, kiwanda kikafungwa kesho yake, atamtafuta nani?

Kisha angalia chumba chako na vyombo ulivyonavyo. Wageni wa kazi hii huliruka jambo hili kwa sababu ya tamaa ya kupokea boksi kubwa. Chukua spika zenye usikivu wa desibeli 84 kwa wati 1, yaani ukizipa wati moja hutoa sauti ya desibeli 84 (kipimo cha ukubwa wa sauti) umbali wa mita moja, uziunganishe na amplifaya ya valvu, ile ya taa za kioo, yenye wati 8. Wati hizo zinakuongezea desibeli 9 tu, yaani 93 ukipima mita moja mbele ya spika, na wewe umekaa mita tatu, ambako sauti hufika imepungua. Ngoma na tarumbeta zikipanda pamoja, sauti itakwaruza, nawe utaandika kwamba amplifaya ni dhaifu. Si kweli, hiyo ni ndoa mbaya. Kama huna spika zinazoifaa, mwambie mhariri ampe mwenzako.

Sasa matangazo. Jarida la The Absolute Sound la Harry Pearson lilipoanza mwaka 1973 halikuchukua matangazo ya viwanda. Consumer Reports, jarida la Marekani la kupima bidhaa za kila aina, hadi leo hununua bidhaa linazozipima. Majarida mengi ya fani yetu hayana uwezo huo, huazima vifaa kwa viwanda na wasambazaji. Basi asiyekubali kuazimisha haandikwi, na msomaji hajui kwamba kuna aliyekosekana. Dawa ninayoitumia ni daftari: kila kifaa, naandika nani aliomba kihakikiwe. Mimi, mhariri, au msambazaji aliyepiga simu? Majina ya wasambazaji yakijaa ukurasa mzima, ujue wao ndio wanaopanga jarida. Nenda kwenye maonyesho, sikiliza, kisha omba wewe. Usitoe hukumu hukohuko, kwani vyumba vya maonyesho huharibu besi za spika yoyote. Chukua majina tu.

Kifaa kikifika kina hitilafu, omba cha pili, na uandike habari za vyote viwili. Kiwanda kitakusihi ukisahau kile cha kwanza, tena kwa upole sana. Msomaji hatachaguliwa chake kwa mkono na kiwanda kama wewe, kwa hiyo cha kwanza kibaki kwenye uhakiki.