Jibu: Mwangaza wa shangazi na mbingu

Yaya, unauliza kama mwangaza aliouona shangazi yako moyo uliposimama unathibitisha mbingu. Mimi nasali, ila hapo siharakishi. Mwaka 2001 daktari wa moyo Pim van Lommel na wenzake, Uholanzi, walitangaza habari za wagonjwa 344 waliorudishwa baada ya moyo kusimama: 62 tu ndio waliokumbuka kitu. Wale 282 je, hawana roho?

Tena kila mtu huona ya kwao. India wapo wanaosimulia wajumbe wa Yama, mungu wa kifo. Bibi yangu hapa Kadutu, mjini Bukavu, alizimia kwa malaria, akaona ng'ambo ya ziwa watu wakimwita kwa Mashi, lugha ya kwao! Pasta akitaka kumsimamisha shangazi atoe ushuhuda, kwanza mwache apone.