Geuza Picha Kwanza

Swali la juma: mama ametutoka na kuacha bahasha ya picha zisizo na majina wala tarehe. Mtoto aanzie wapi kuyajua maisha yake?

Aanzie mgongoni mwa picha. Wengi hukimbilia sura, kumbe nyuma kuna mhuri wa studio, mhuri una anwani, na barabara za Nairobi zimebadilishwa majina. Victoria Street ilipewa jina la Tom Mboya baada ya kuuawa kwake Julai 1969. Moi Avenue ilikuwa Government Road, na Moi aliingia Ikulu 1978. Lakini mwenye studio bahili aliweza kuutumia mhuri wa zamani miaka mingi baadaye, kwa hiyo tafuta ushahidi wa pili ndani ya picha yenyewe. Jumba la mikutano la KICC lilikamilika 1973. Sanamu ya mpigania uhuru Dedan Kimathi ilisimamishwa 2007. Namba za gari zinazoishia kwa herufi, kuanzia KAA 001A, zilianza 1989. Tarehe ya rangi ya machungwa pembeni iamini nusu tu, maana ni saa ya kamera, na wengi hawakuirekebisha.

Picha ndogo za pasipoti hudharauliwa bure. Kipande, yaani kitambulisho, kilikuwa cha wanaume. Wanawake waliingizwa kwenye usajili sheria ilipobadilishwa 1978. Picha ya mama ya kabla ya hapo ilipigwa kwa jambo jingine: shule, kazi, chuo cha ualimu, safari. Hapo pana swali la kuuliza.

Mavazi nayo hudanganya. Studio ziliazimisha koti, saa ya mkononi, hata redio ya kupakata. Usiandike kwamba mama alikuwa na redio.

Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, nakili zote. Skana kwa nukta 600 kwa inchi, na 1200 kwa zile ndogo. Huna skana? Weka picha karibu na dirisha pasipopiga jua moja kwa moja, zima taa ya simu, shika simu sambamba na picha. Kwenye albamu za kurasa zenye gundi, usivute ukingo kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno polepole chini ya picha. Iliyogandamana na kioo cha fremu iache hapohapo, iskaniwe na kioo chake, kwa sababu ukiivuta, sura hubaki kwenye kioo. Kila picha ipe namba, uiandike nyuma, ukingoni, kwa penseli laini. Wino wa biro huhamia kwenye picha iliyolazwa juu yake, na ncha yake huacha mfereji upande wa mbele.

Sasa uliza watu, mmoja mmoja. Wajomba wasiwe wa kwanza. Anza na mama mdogo, aliyesoma naye, wenzake wa chama cha kuweka akiba, jirani wa mtaani, Kaloleni au Jericho. Usiseme, "Hapa si harusi ya fulani?" Mzee atakubali kwa adabu tu, na kosa lako litageuka historia ya ukoo. Uliza: nani alishika kamera? Nguo hii ilishonwa wapi? Mlifikaje hapo? Omba ruhusa, rekodi kwa simu. Wawili wakipingana, andika kauli zote mbili na msemaji wa kila moja.

Negativu zikipatikana, zitunze kuliko picha zenyewe. Namba za ukingoni zinaonyesha ipi ilitangulia, na katika mkanda mmoja huwa kuna picha ambazo hazikuchapishwa kamwe. Tena, mtu aliyekatwa kwa makasi kwenye picha bado yumo kwenye negativu. Akionekana, muulize mama mdogo faraghani kwanza. Usimtupe kwenye kundi la WhatsApp la familia.