Muulize Fundi: Sakafu ya ukumbi haiishi vumbi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kaukumbi ka sherehe huku Morogoro, sakafu ni zege. Fundi alimalizia kwa niru (simenti tupu ya kung'arisha juu) ikawa inang'aa kama kioo, wiki mbili baadae tukapaka epoksi nyekundu, ile rangi ngumu ya sakafu. Miezi mitatu haijaisha rangi inabanduka, hasa pale viti vinapoburuzwa, na chini yake kuna vumbi jeupe, unafagia asubuhi jioni liko palepale, bibi harusi anatoka gauni limekuwa jivu pindoni. Naambiwa nikwangue nipake rangi ya bei zaidi. Nifanyeje?
Mama Ukumbi, Morogoro

JIBU: Marahaba dada, pole sana. Hiyo hela ya rangi ishikilie kwanza.

Rangi wala haina kosa, mambo yaliharibika siku ileile ya kumwaga zege. Zege likishamwagwa kokoto zinashuka maji yanapanda juu, ndo hali yake, unatakiwa usubiri yaondoke. Sasa fundi anaona jua linazama na vibarua wanataka kuondoka, ananyunyiza simenti kavu juu ya yale maji, anapiga mwiko, inang'aa, mnashangilia wote, kumbe katengeneza ganda laini ambalo halijashikana na zege la chini. Na kumwagilia je? Zege linataka unyevu walau siku 7, lifunikwe magunia yaliyoloana au nailoni, sisi wengi tunamwaga ndoo mbili asubuhi tunaenda kunywa chai (hata mimi zamani nilifanya hivyo, sijifichi).

Halafu epoksi wiki mbili ni mapema mno, hapo ni siku 28 kwa uchache, na hata zikifika pima unyevu kwanza. Sehemu isiyo na rangi bandika kipande cha nailoni, nusu mita kwa nusu mita, kingo zote zibe kwa selotepu, acha mpaka kesho yake. Ukifunua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi ujue unyevu unapanda kutoka chini, labda jamvi (lile zege la sakafu) halikuwekewa nailoni chini, basi hata upake rangi ya dhahabu itabanduka tu.

Cha kufanya, tafuta mwenye mashine ya kusaga sakafu yenye meno ya almasi, aondoe rangi na lile ganda lote mpaka uone mchanga na zege gumu. Akikwambia atamwaga asidi kataa, asidi haipiti kwenye rangi na mabaki yake yanakula nondo. Vumbi la kusagia linaharibu mapafu kabisa, asage kwa maji au awe na mashine ya kunyonya vumbi, na barakoa ya maana siyo leso. Baada ya hapo kwangua kwa msumari, kama hauchimbi paka dawa ya silikati, ile inapakwa kama maji, inazama ndani inakutana na chokaa iliyomo kwenye zege inakuwa ngumu, haiweki utando juu kwa hiyo hakuna cha kubanduka. Msumari ukiendelea kuchimba basi dawa haitasaidia, jipange kwa terazo (sakafu ya simenti na vipande vya mawe, inasagwa ikalainika), bei yake itakuuma lakini utaisahau.

Na hivyo viti vivishe mipira miguuni leo leo, usisubiri fundi.