Anzia Shimoni: Kumfundisha Gofu Mtu Asiyewahi Kushika Fimbo

Karibu kila anayekuja kwangu hapa Jinja kujifunza gofu hutaka jambo moja siku ya kwanza: apewe draiva, ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa, aupige mpira upotelee huko upande wa Mto Nile. Simpi. Nampeleka kwenye grini, zile nyasi fupi kabisa zinazozunguka shimo. Namsimamisha hatua moja kutoka shimoni na kumkabidhi fimbo ya kusukumia na mipira mitatu.

Hesabu yenyewe inanitetea. Uwanja wa kawaida una mashimo 18, na pa yake, yaani mikwaju ambayo mchezaji stadi anatarajiwa kutumia, mara nyingi ni 72. Ndani ya hesabu hiyo kila shimo limetengewa misukumo miwili kwenye grini. Jumla ni 36, nusu ya mchezo mzima. Draiva, hata ukiitumia kila inapofaa, haizidi mara 14 hivi, kwa sababu mashimo mafupi ya pa 3 hayaihitaji. Sasa kwa nini mgeni amalize wiki zake za mwanzo akipambana na fimbo ngumu kuliko zote, halafu afike kwenye grini bila kujua la kufanya?

Kuna kitu kidogo napenda kumwonyesha mwanafunzi kabla hajasukuma hata mpira mmoja. Nachukua mipira miwili, naibana pamoja na kuishika juu ya shimo. Inaingia yote miwili na nafasi inabaki. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108 popote duniani, na mpira una kipenyo cha milimita 42.67 au zaidi kidogo. Aliyekuja akiwaza kwamba kile kitundu ni kidogo mno anaangalia, anacheka, na mabega yanashuka. Kuanzia hapo ndipo ninapoweza kumfundisha.

Hatua moja kutoka shimoni, kila mtu anafunga. Mpira ukiingia hutoa ule mlio wake ndani ya kikombe, na mwanafunzi anausikia mara nyingi saa ile ya kwanza. Kisha tunarudi nyuma hatua mbili, tatu, tano. Mteremko nao nauuliza kwa maji: "Nikimwaga ndoo hapa, maji yataelekea wapi?" Hakuna aliyekulia kwenye vilima vya nchi hii anayeshindwa swali hilo. Akishaona njia ya maji, ameona njia ya mpira.

Tunaendelea kurudi nyuma hivyohivyo. Kutoka kwenye grini tunaenda kwenye ukingo wake, kutoka ukingoni hatua 20, kisha 50. Fimbo nazo zinarefuka polepole. Draiva inakuja mwisho, na kufikia wakati huo wengi hawaiulizii tena kwa pupa.

Sasa mikono. Hapa nakaa muda mrefu, na nawasihi wanaofundisha wenzao wakae pia, kwa sababu mshiko mbaya ukishazoeleka ni kazi kubwa kuung'oa. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mkono wa kushoto unatangulia juu ya mpini, na fimbo inalala kwenye vidole. Wageni karibu wote huiweka katikati ya kiganja, kwa sababu ndivyo tunavyoshika jembe. Ikiwa kiganjani, kifundo cha mkono kinakakamaa na kichwa cha fimbo hakipati mwendo. Mkono wa kulia unafuata chini yake, kiganja kikifunika dole gumba la kushoto. Ile nafasi yenye umbo la V kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kwenye kila mkono, ielekee bega la kulia. Kuhusu kidole kidogo cha kulia, wapo wanaokilaza juu ya mkono wa kushoto, wapo wanaokifunga na mwenzake, na wapo wanaoshika kwa vidole vyote kumi. Kanuni zinaruhusu yote. Mtoto au mtu mwenye mikono midogo namwachia vidole kumi bila kubishana.

Nguvu ya kushika ni habari nyingine. Nilimfundisha sajini mmoja mstaafu, mtu wa West Nile aliyeishia kujenga huku Jinja, na Kiswahili chetu kilikuwa kile cha kambini. Alikuwa anaikaba fimbo mpaka mishipa ya shingo inamtoka.

"Afande, nguvu zako zote za mkono tuseme ni kumi. Hapo umetumia ngapi?"

"Tisa, mwalimu."

"Nipe nne."

"Nikilegeza hivyo si itaniponyoka?"

"Haiponyoki. Nne tu, Afande."

Akapiga kwa nne. Sikueleza zaidi, kwa kuwa mpira ulikwisha kueleza. Tangu hapo kila mwanafunzi nampa namba badala ya maneno, maana "legeza kidogo" kila mtu anaisikia kwa namna yake, lakini nne ni nne.

Katika kuzungusha fimbo, mwalimu wangu msaidizi mkuu ni fyekeo, ile slesha ya kukatia nyasi. Waganda wengi tumeishika tangu shuleni. Mama mmoja mwenye duka la vipuri, aliyekulia Bugiri, alikuwa anaurukia mpira kana kwamba atachelewa, na kila mara anaupiga kichwani unabingirika hatua chache. Nikamwomba auache mpira. "Mama, nionyeshe tu ulivyokuwa ukifyeka uwanja wa shule." Akasimama vizuri, magoti yakalegea, kiwiliwili kikageuka kwenda na kurudi, bila haraka, na ncha ya fimbo ikapita juu ya nyasi bila kuchimba udongo. Mwendo wa gofu alikuwa nao miaka yote. Nikaweka mpira pale pale nyasi zilipoguswa, nikamwambia asiuangalie kama adui, afyeke tu, mpira upo njiani. Akaupiga hewani mara ya kwanza, akageuka kunitazama akiwa amefunika mdomo kwa mkono.

Lakini fyekeo lina mpaka wake. Hushikwa kwa mkono mmoja, na mkono huo ndio unaovuta. Kwenye gofu mikono yote miwili inafuata mwili, haiuongozi. Mwanafunzi akianza kuvuta kwa mkono wa kulia peke yake, namrudisha kwenye nusu mzunguko: fimbo ipande mpaka usawa wa kiuno, ishuke, ipande tena mpaka kiuno upande wa pili. Nusu mzunguko ni shule nzima. Naona afadhali mtu akae hapo muda mrefu kuliko kukimbilia mzunguko kamili kwa sababu tu unapendeza kwenye picha.

Kuna ugonjwa mmoja wa wageni wote, na dawa yake ni kuelewa fimbo ilivyotengenezwa. Mgeni anataka kuuinua mpira. Anajikunja nyuma, uzito unabaki kwenye mguu wa kulia, fimbo inagonga ardhi kabla ya mpira au inaukwaruza juu. Nampa fimbo namba saba mkononi aitazame uso wake: umeinama takriban digrii 30. Mwinamo huo ndio unaoinua mpira. Draiva ina kama digrii 10 tu, ndiyo maana ni ngumu. Haimsaidii mtu sana kuinua, na uso wake ukifika umefunguka kidogo tu, mpira unakata kona kwenda kulia mpaka kwenye miti. Kwa hiyo kazi ya mwanafunzi ni kupita kwenda mbele. Namwambia amalize akiwa amesimama kwenye mguu wa kushoto, kisigino cha kulia kimeinuka, kitovu kinatazama bendera, na abaki hivyo mpaka mpira utue. Hilo la kubaki linarekebisha mengi bila kulitaja lolote.

Na mlinde mwanafunzi wako dhidi ya sauti nyingi. Hili nalisema kwa uchungu. Uwanjani kila mtu ni mwalimu: kedi, yaani mbeba mikoba ya fimbo, anamwambia ainamishe kichwa, rafiki anamwambia anyooshe mkono, mjomba aliyeketi na soda kibarazani anapaza sauti kuhusu magoti, na usiku simu inamwonyesha Mmarekani anayesema kinyume cha wote. Mtu anasimama mbele ya mpira na mambo sita kichwani, mwili unaganda. Mimi natoa neno moja kwa somo. Likiwa ni kuhusu miguu, hata nikiona mikono imeharibika nanyamaza mpaka siku nyingine. Makedi nao nawaomba kwa heshima, maana wengi wao wanaujua mchezo kuliko wanachama wanaowabebea mikoba, na wachezaji wa kulipwa wa nchi hii wametoka pia katika kundi hilo.

Vifaa visimtishe mtu. Kanuni zinaruhusu fimbo zisizozidi 14, lakini hakuna kanuni inayomlazimu yeyote kuwa nazo zote. Namba saba, wedji (ile fimbo fupi ya kupigia mpira karibu na grini) na fimbo ya kusukumia zinatosha kwa miezi ya mwanzo, za mitumba, na mipira ya kuokotwa inafanya kazi ileile. Viwanja pia si vile vya Kampala na jirani zake, Kitante na Kigo, peke yake. Hapa Jinja tuna mashimo tisa, Lugazi wana tisa, na mashimo tisa ukiyazunguka mara mbili umecheza 18. Binti akiniuliza kama mchezo huu una nafasi yake, namtajia Flavia Namakula, mwanamke wa kwanza wa Uganda kuingia gofu ya kulipwa, kisha tunaendelea na mazoezi.

Usalama naufundisha kabla ya adabu nyingine zote. Usisimame mbele ya anayepiga wala nyuma ya mzunguko wake. Mpira ukienda kwa watu, piga kelele ya "Fooo!" hapo hapo, bila kuona aibu. Halafu radi. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tuko katika eneo lenye ngurumo nyingi mno, na mvua zake hazipigi hodi. Ukisikia ngurumo, acheni mchezo, ondokeni uwanjani, ingieni ndani ya jengo. Msikimbilie chini ya mti, na mwavuli uachwe umefungwa. Mwanafunzi akikuona wewe mwalimu unamalizia shimo huku mbingu inanguruma, atafanya hivyo siku zake zote.

Kuhusu kumpeleka kucheza kwa mara ya kwanza, chagua siku ya kazi, asubuhi, uwanja ukiwa mtupu. Asianzie kwenye kigingi, pale shimo linapoanzia. Mwekee mpira hatua 100 kutoka kwenye bendera ya kila shimo, acheze kutoka pale. Akifikisha mikwaju minane bila kufunga, aokote mpira, mwende shimo linalofuata. Mpira ukipotea, kanuni tangu 2019 zinatoa dakika tatu za kutafuta. Kwake nusu ya hizo zinatosha. Bendera ibaki shimoni, kanuni zinaruhusu hilo pia tangu mwaka huohuo.

Akianza kuhesabu kwa kweli, mfundishe hesabu ya pointi iliyobuniwa na daktari Mwingereza, Frank Stableford, na kutumika kwa mara ya kwanza mashindanoni 1932. Ndani yake shimo baya kabisa linampa sifuri tu, haliharibu yale manane mengine. Na hendikapu: tangu utaratibu wa dunia ulipoanza 2020, mgeni anaweza kupewa hadi 54, yaani mikwaju mitatu ya ziada kwa kila shimo. Mweleze hivyo kabla hajaanza kujilinganisha na wanaocheza kwa pa. Shimo la pa 4 akilimaliza kwa saba, kwa hendikapu hiyo amelicheza sawasawa na pa, na kwenye kadi yake anaandikiwa pointi mbili.